Stendi ya sola inayogeuzwa kwa msimu, kwenye kinyungu changu Njombe

Sola yangu haina betri. Paneli mbili zinaendesha pampu moja kwa moja, pampu inajaza tangi, na tangi ndilo linalonywesha kabeji na njegere za kinyungu, yaani bustani ya bondeni kwenye unyevu. Jua likififia, maji nayo yanapungua papo hapo. Na vinyungu tunalima kiangazi, Juni na kuendelea, wakati jua limeegemea kaskazini kupita miezi mingine yote.

Njombe iko nyuzi 9 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la mchana linapita karibu nyuzi 33 kaskazini mwa utosi, na paneli iliyolazwa bapa inakosa kama asilimia 16 ya mwanga ambao ingeupata ikilitazama jua uso kwa uso. Katikati ya Oktoba linapita utosini. Desemba limeshavuka kwenda kusini, nyuzi 14 hivi. Kwa hiyo stendi iliyochomelewa ikabaki imetazama kaskazini mwaka mzima sikuitaka.

Fundi wa kuchomelea alipendekeza bawaba upande wa chini na miguu ya kunyanyulia upande wa juu. "Dada, vyuma vitapungua," akaniambia. Kweli vingepungua, lakini bawaba ya pembeni inainama upande mmoja tu, halafu mtu anabeba uzito wote. Paneli moja ya mita 1.65 ina kama kilo 18 kabla ya fremu. Nikamwomba bomba nene lilale juu ya nguzo mbili, fremu ishikiliwe hapo katikati. Inabembea kama pembea, na mtu mmoja anaigeuza bila kuhema.

Bomba lazima lilale mashariki–magharibi. Dira sikutumia. Nilisimamisha kijiti wima, nikasubiri kivuli chake kiwe kifupi kabisa, ambacho huku kwetu ni karibu saa saba kasoro dakika ishirini. Mstari wa kivuli hicho ndio kaskazini–kusini. Bomba likalazwa kuukata kwa pembe mraba.

Kupima mwinamo hakuhitaji simu. Kwa nyuzi 30, ukingo wa juu unazidi wa chini kwa nusu ya urefu wa paneli. Kwa yangu ni sentimita 82 na nusu. Bati la kufungia fremu isibembee lina matundu matatu: nyuzi 30 kaskazini, la Mei hadi Agosti, nyuzi 10 kaskazini, la Septemba na Oktoba, tena Machi na Aprili, na nyuzi 14 kusini, la Novemba hadi Februari. Hilo la mwisho halinipi maji mengi, kwani mvua zinanyesha na pampu imepumzika, ila mwinamo huo unatosha mvua kuosha vumbi. Boliti ni za milimita 10, spana namba 17. Kati ya fremu ya alumini na chuma niliweka vipande vya mpira wa tairi, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu zinalana.

Jirani amenakili stendi, anataka matundu kumi. Ukikosea jua kwa nyuzi 10 unapoteza asilimia moja na nusu tu. Nimemshauri hela ya matundu hayo aiongeze kwenye zege la nguzo: paneli zikiwa zimesimama nyuzi 30, upepo wa Julai unazisukuma vibaya.