Sakafu ya Mbao Kabla ya Vigae
Bafu la ghorofani katika nyumba yetu ya zamani hapa Upanga lina sakafu ya mbao, na fundi wa kwanza alibandika vigae moja kwa moja juu yake. Masika hayakuisha kabla havijapasuka, kwa kuwa mbao huvimba na kusinyaa kwa unyevu ilhali kigae hakinyumbuliki. Tumeving'oa vyote. Ubao mmoja karibu na choo ulikuwa umeoza kiasi kwamba bisibisi ilizama bila kusukumwa, nasi tukaubadilisha na kuimarisha boriti zilizokuwa zikinesa. Kisha tukafunga mbao za saruji, yaani vipande bapa vya saruji vya kutandika chini ya vigae, kwa skrubu zisizoshika kutu, tukiacha mwanya wa milimita 3 kati yake, na kupaka dawa ya kuzuia maji hadi kwenye pembe za kuta, ambazo kwangu ndizo zinazostahili subira kubwa zaidi. Sasa tunasubiri ikauke.