Waliniuliza kama ni nyekundu

Jamani mlioko huku nje, kama una kitu kwenye ngozi umeshazoea kukikuna tu na maisha yanaenda, naomba usome hii. Mi imenichukua miezi kumi na moja na imeniachia alama ambazo hazitatoka.

Niko Leicester, nilikuja 2022 kwa visa ya keya. Kazi yangu ni kwenda majumbani kwa wazee, kuogesha, kuvalisha, kuwapa dawa na chai, narudi tena jioni. Novemba 2023 nikaanza kuwashwa kiunoni upande wa kulia, pale suruali ya yunifomu inapobana. Kidoa kama sarafu tu. Nikasema ni baridi hii, maana huku hita zikiwashwa ngozi inapauka utafikiri umeshinda kwenye vumbi la kiangazi, nikazidisha Vaseline na mafuta ya nazi, kidoa kikazidi kukua.

Desemba nikampigia GP, yaani daktari wa mtaa ambaye huku lazima uanzie kwake. Wanaoishi Uingereza wanajua, unapiga saa mbili kamili asubuhi unaambiwa uko nyuma ya watu ishirini na kitu, nami saa hiyo nimeshamshika bibi wa watu bafuni. Nilipopata, ikawa ni ya simu. Swali la kwanza: ni nyekundu? Nikajibu hapana. Imevimba? Hapana. Inatoa maji? Hapana. Basi ni ekzema ndogo, yaani pumu ya ngozi, chukua krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, paka mara mbili kwa siku.

Sasa hapo ndo pananiuma mpaka leo, kwa sababu nilijibu ukweli mtupu. Ngozi yangu mi haiwi nyekundu. Hata nikirukiwa na mafuta ya kukaangia inakuwa nyeusi inayoelekea zambarau, afu ikipona inabaki kijivu kwa miezi. Kile kidoa kilikuwa na rangi ya damu ya mzee kwa mbali, pembeni kimeinuka kidogo na kinapukutisha unga mweupe. Ila hakuna aliyeniuliza "ina rangi gani?", niliulizwa nyekundu ndiyo au hapana. Na kuchonyota je? Kuwasha nilijua kukisema kwa Kiingereza, lakini ule mchonyoto jasho linapogusa pale nikiwa katikati ya kumgeuza mgonjwa kitandani, sikuwa na neno lake. Nikasema kunawasha tu, nikaonekana nina kawasho.

Waliniomba picha baadaye, nikapiga kwa simu chini ya taa ya chumbani, kila kitu kikatokea cheusi. Wakasema endelea na krimu.

Februari nikachoka. Dada mmoja tunafanya naye shifti akanielekeza duka linalouza vitu vya kwetu, unga, dagaa, na kule nyuma kabisa rafu ya vipodozi. Nikapewa tyubu ya pauni 4. Siku mbili tu muwasho kwisha kabisa, ngozi laini, nikamshukuru Mungu. Nikaacha kupaka, ndani ya wiki kikarudi kikubwa zaidi, nikapaka, kikatulia, nikaacha, kikarudi. Mpaka Juni kilikuwa kimeshuka paja lote na kimehamia tumboni, na kile kingo cha mwanzo kimepotea, imekuwa baka lisiloeleweka linaanzia wapi. Pamba za vifaa vya kazi ndo zilikuwa pona yangu, nilikuwa nazikunja nasugulia juu ya nguo nikiwa kwenye basi.

Mama yangu yuko Moshi. Siku moja tunaongea kwa video nikamwonyesha. Akasema, "Hebu sogea dirishani, hiyo taa inanidanganya." Nikasogea. Akatazama, akasema, "Mwanangu, hiyo mbona kama choa?" Nikamwambia mama, hapana, madaktari wa huku wamesema ekzema. Akaniambia ungekuwa hapa ningekupeleka KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi, kesho asubuhi. Na mama hakuwa anaongea tu, pale KCMC tangu 1992 kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi, madaktari wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kusomea Moshi, na watu wa mtaani kwetu wameshazoea kwamba ukiwa na kitu cha ngozi unaenda kule. Mi nikampuuza. Nasema hivi kwa uchungu, mama yangu mwenye macho ya miaka sitini na kitu aliona kwenye kioo cha simu.

Rufaa ya kwenda kliniki ya ngozi niliipata baada ya kwenda mwenyewe na kugoma kutoka mpaka mtu aniangalie kwa macho. Apointimenti ikaja Oktoba. Barua ilisema njoo na kila dawa unayopaka. Nikabeba haidrokotisoni, mafuta ya maji, sabuni. Ile tyubu ya dukani nikaiacha nyumbani, makusudi, niliona aibu.

Kwenye viti vya kusubiria nilikaa na dada wa Kikongo, katoka Lubumbashi, tukajuana kwa Kiswahili mara tu simu yake ilipolia. Ndani kuna joto lakini hakuvua glavu. Baadaye kidogo akavua moja akanionyesha, mkono mweupe, vifundo vya vidole vyeusi ti kama vimeungua. Mkorogo, miaka tisa. Akasema atamwambia daktari ni jua. Nikamwambia dada yangu mwambie ukweli, na mi mwenyewe niliyekuwa nasema hivyo nimeficha yangu nyumbani. Pembeni kulikuwa na mama wa Kikenya amekuja kuchomwa sindano za kovu la sikio, lilianza na kutoboa hereni tu likakua ukubwa wa njugu mawe, anasema wanamchoma palepale ndani ya kovu kila baada ya wiki kadhaa na linapungua. Yeye alikuwa mchangamfu, alitupa biskuti wote wawili.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Nilivua nguo, akaniangalia mwili mzima, na alipofika miguuni akaangalia nyayo, katikati ya vidole, mpaka kucha, na kile kilensi chenye taa. Nikauliza mbona huko siumwi. Akasema kwa watu weusi saratani ya ngozi ikitokea mara nyingi hujificha huko, nyayoni, viganjani na chini ya kucha, na wengi huchelewa kwa kudhani wamejikwaa. Bob Marley ilianzia kwenye kidole cha mguu, akafa 1981 na miaka 36 tu. Basi mkiona mstari mweusi mpya kwenye kucha moja, au doa nyayoni linalobadilika, msisubiri.

Akarudi pajani. Akavuta ngozi taratibu kwa vidole viwili, nikaona mwenyewe michirizi imechanika kama ya mjamzito, na mishipa inaonekana kwa ndani. Akauliza kwa sauti ya chini, kuna kitu kingine unapaka? Nikakaa kimya. Hakurudia swali, alisubiri tu. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya tyubu.

Clobetasol, asilimia 0.05. Ni steroidi katika zile kali kuliko zote, huku haiuzwi bila cheti cha daktari. Hakunifokea, akanieleza. Steroidi inatuliza muwasho kwa sababu inazima ulinzi wa ngozi, sasa kama shida yenyewe ni fangasi, umefunga mbwa na mwizi yuko ndani. Fangasi anakula kwa raha, ule mduara wake unafutika, hata daktari haoni tena kuwa ni choa. Akachukua kisu butu, akakwangua pembeni ya baka, ule unga mweupe ukadondokea kwenye karatasi nyeusi, akaikunja kama bahasha ya dawa za kienyeji, ikapelekwa maabara. Aliniuliza pia kama naishi na paka, maana choa kinaweza kutoka kwake. Mi sina, lakini mzee mmoja ninayemhudumia anaye, na paka huyo analala kwenye kiti kilekile ninachokalia kumlisha.

Ilikuwa choa. Nikapimwa damu ya ini kwanza, afu vidonge vya terbinafine, miligramu 250, kimoja kwa siku, wiki nne. Dawa pauni 9.90. Wiki ya kwanza baada ya kuacha ile tyubu niliwashwa nikalia, hilo alinionya, ndo maana sikurudi dukani.

Hili la rangi si langu peke yangu. Malone Mukwende, kijana mzaliwa wa Zimbabwe, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari pale St George's London, mwaka 2020 alitoa na walimu wake kitabu cha kuonyesha magonjwa yanavyoonekana kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu darasani alikuwa anafundishwa kwa ngozi nyeupe. Kwa hiyo ukiulizwa kama ni nyekundu usijibu hapana ukanyamaza. Sema kwangu inakuwa zambarau, au kijivu, au nyeusi kuliko kwingine, sema ina kingo, sema pamepanda joto. Picha piga mchana, dirishani. Na tyubu ya dukani ibebe, hata kama ni ya uso, hata kama ni ya mkorogo. Yule dada wa Lubumbashi aliitwa kabla yangu, sikumwona akitoka, sijui alisema nini mle ndani.

Juzi Jumapili mama kapiga. "Sogea dirishani." Nikasogea, nikamwonyesha tumbo na paja. Akaangalia kimya muda mrefu. Akasema weusi utatoka taratibu, michirizi hiyo basi tena, ila kingo hazipo.