Mstari Unaopanda Alfajiri

Swali la Shangazi bado linanikera, ingawa aliondoka Alhamisi asubuhi, na ingawa wiki hii tumefunga hesabu za robo mwaka na mwenzetu Zuberi amepata ule uhamisho wake wa Nzega. Alisimama mbele ya chungu cha sebuleni, akakitazama kihisi cha unyevu kilichochomekwa kwenye udongo, kinachotuma vipimo kwenye simu yangu, kisha akauliza: "Mwanangu, na simu ikizimika, ua hili litakuambia nini?" Nikamjibu, "Litasubiri, Shangazi." Akasema, "Haya," kwa ile sauti yake mnayoifahamu.

Tangu hapo nimekuwa nikitunga majibu bora. Ningemweleza kwamba kihisi hiki hupima jinsi udongo unavyotunza chaji ya umeme, kwa kipimo ambacho hewa ni 1 na maji ni karibu 80, ndiyo maana hata unyevu mdogo hubadilisha namba. Kwamba hakina vyuma vilivyo wazi vya kuliwa na kutu kama vile vihisi vya ncha mbili. Na kwamba umeme wa Tabora ukikatika, betri yake huendelea kutunza kumbukumbu. Ningeongeza kuwa Zamioculcas, yaani ua lenyewe, haihitaji huruma ya kila siku, kwa sababu huweka akiba ya maji katika shina lake la chini ya udongo, na maji yakizidi mizizi hukosa hewa ikaoza. (Asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, lakini niliuziwa kwa jina la ua la Ulaya.)

Jana usiku, nikitafuta ushahidi wa kumtumia, nilifungua mchoro wa unyevu wa wiki nzima. Mstari ulikuwa ukishuka taratibu kama nilivyotarajia, isipokuwa kila siku, muda mfupi baada ya saa kumi na moja alfajiri, ulipanda kidogo. Ijumaa haukupanda tena. Saa hizo mimi huwa nimelala fofofo. Aliyekuwa akiamka kuswali ni mmoja tu, na kikombe chake nilikuwa nikikikuta kitupu pale dirishani. Simu haikunionya hata mara moja, kwa kuwa nimeitegesha ionye udongo ukikauka, si pale mtu anapolinywesha ua kwa siri. Nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Mchoro ule simtumii.

Lakini leo nimekuta dawa zake za presha juu ya jokofu, na mtu wa kwenda Urambo kabla ya Jumatatu sijampata.