Kutoka Manila hadi Zambales, nikiwafuata watu wa mchoraji Elmer Borlongan

Mapema mwaka 2018 nilikwenda Ufilipino kumtembelea rafiki niliyefanya naye kazi Dubai. Kule Ghuba, Waswahili na Wafilipino tunajuana vizuri: tunaishi vyumba vya jirani na tunapanga foleni moja kutuma fedha nyumbani. Rafiki huyu anapenda sanaa tangu ujana wake. Alishaniahidi kwamba nikifika kwao atanipeleka kwanza kwenye picha, ufukweni baadaye.

Tulianzia Makumbusho ya Taifa ya Sanaa jijini Manila, ambako tangu 2016 kuingia ni bure. Ukiingia tu unakutana na Spoliarium ya mchoraji Mfilipino Juan Luna, picha yenye kimo cha zaidi ya mita nne na upana unaopita mita saba. Wapiganaji wa Roma waliouawa uwanjani wanaburutwa sakafuni wakavuliwe silaha. Ilipata medali ya dhahabu Madrid mwaka 1884, na Wafilipino, waliokuwa bado chini ya Wahispania, waliiona hali yao wenyewe katika miili ile. Kazi kubwa, tena ya kutisha.

Vyumba vya mbele vina Fernando Amorsolo, mchoraji aliyetangazwa Msanii wa Taifa wa kwanza mwaka 1972. Amorsolo alilipenda jua. Wakulima wake wanapanda mpunga huku mwanga ukiwapiga kwa nyuma, wanawake wanatabasamu, na tope halimchafui mtu. Ni picha nzuri, sikatai. Ila mimi nimelelewa na mama mlima mpunga, na sikumbuki siku aliyorudi kutoka shamba na uso wa namna ile. Nilimwambia mwenyeji wangu hivyo. Akacheka, akasema basi kesho twende Roxas Boulevard.

Huko, kwenye Metropolitan Museum of Manila, kulikuwa na maonyesho makubwa ya kazi za Elmer Borlongan, za tangu ujana wake. Mchoraji huyu amezaliwa 1967 na kukulia Mandaluyong, mji uliopakana na Manila, mahali panapopitiwa na EDSA, barabara iliyofurika watu mwaka 1986 hadi Rais Marcos akakimbia nchi. Utotoni alifundishwa uchoraji na Fernando Sena, kisha akasoma sanaa Chuo Kikuu cha Ufilipino. Aliwahi kuwa katika kikundi cha Salingpusa, na baadaye Sanggawa, vijana waliochora kwa pamoja picha kubwa kubwa juu ya siasa na dini ya nchi yao.

Watu wake wengi hawana nywele. Macho ni makubwa, shingo imerefuka, mikono imenyooka kupita kawaida ya mwili, na miguu peku imetuama chini kwa uzito wote. Wamejaa turubai mpaka pembeni, kama familia iliyobanana kwenye chumba kimoja cha kupanga. Ni abiria, wachuuzi, wavuvi, watoto wa mitaani. Wanakula, wanabeba, wanalala, na zaidi ya yote wanangoja. Sijawahi kuona mchoraji aliyechukulia kungoja kwa uzito kama huyu. Maskini sehemu kubwa ya siku yake inaishia hapo: kungoja gari, kungoja mvua ikatike, kungoja mteja, kungoja jina liitwe dirishani.

Mwanzoni upara ule ulinisumbua. Kadiri nilivyozunguka ndivyo nilivyouelewa, angalau kwa namna yangu. Nywele zinasema mengi juu ya mtu: umri wake, fasheni, uwezo wa mfuko. Ukiziondoa, jicho la mtazamaji halina pa kukimbilia ila kwenye macho na mikono ya anayetazamwa. Na mikono ile mirefu si uongo. Aliyebeba gunia tangu alfajiri, jioni mkono wake mwenyewe anausikia hivyo hivyo, umerefuka na haumtii. Amorsolo alichora mkulima anavyoonekana kutoka barabarani. Borlongan anachora kazi inavyosikika kwa aliye ndani yake.

Tulirudi kwa jipni, daladala ya kule. Mabenchi mawili yanatazamana, magoti yanagusana, nauli inapita mkono kwa mkono hadi kwa dereva na chenji inarudi njia hiyo hiyo. Mbele yangu alikaa mzee aliyepakata mfuko wa mchele, macho wazi lakini hatazami kitu. Nilijikuta namwangalia kwa adabu ambayo sikuwa nayo siku niliyotua.

Mwenyeji wangu alikuwa na kinyongo kimoja, akakitoa safarini, tukiwa kwenye basi la asubuhi la kwenda mkoa wa Zambales. Picha za Borlongan huuzwa mnadani kwa mamilioni ya peso. Yaani mchuuzi anachorwa, halafu anatundikwa sebuleni kwa mtu ambaye hata lango lake mchuuzi huyo hafunguliwi! Sikuwa na jibu la kumtosheleza, na hata sasa sina. Nilimwambia tu kwamba bora mchuuzi awepo kwenye ukuta ule akimkazia macho mwenye nyumba kila asubuhi, kuliko ukuta uwe na maua. Alinyamaza hadi mji wa Olongapo.

Tulikuwa tunakwenda San Antonio, mji mdogo ambako Borlongan alihamia mwaka 2002 pamoja na mkewe, Plet Bolipata, naye mchoraji. Kuhama huko kunaonekana kwenye kazi zake. Zile za Manila ni za giza na msongamano. Za Zambales zimeingiwa na anga, bahari na rangi za mchana. Njia yenyewe inaeleza. Unaiacha lami ya jiji, unapita mashamba ya mpunga, unapita nchi iliyofunikwa majivu Mlima Pinatubo ulipolipuka 1991, kisha upepo wa chumvi unaingia dirishani.

San Antonio tulipita Casa San Miguel, jumba la matofali ndani ya shamba la miembe ya ukoo wa Bolipata. Mpiga fidla Coke Bolipata alilianzisha mwaka 1993 ili watoto wa wavuvi na wakulima wa hapo wajifunze muziki na sanaa. Rafiki yangu aliliangalia kwa muda, akasema hapa kinyongo chake kimepungua kidogo. Tukala maembe mabichi kwa uduvi uliosagwa na chumvi, tukapanda pikipiki ya kibehewa cha pembeni hadi Pundaquit.

Pundaquit ni kijiji cha wavuvi, na mtu wa pwani kama mimi hajisikii mgeni hapo. Ngalawa zao zina miti ya kuelea pande zote mbili kama zetu, isipokuwa hizi zina injini. Nilimwonyesha mvuvi mmoja picha nilizopiga kwa simu kwenye maonyesho, rafiki yangu akitafsiri. Alizipitia haraka, akasita kwenye ile ya mtu aliyebeba mzigo. Akageuka, akavuta ukosi wa fulana na kutuonyesha bega lake, mahali ngozi ilipokomaa kwa kubeba injini kila siku kutoka nyumbani hadi majini, na shingo inavyolazimika kulala upande wa pili. Ni vile vile alivyochorwa yule mtu.

Kisha akalalamikia bei ya mafuta, akaniuliza kwetu samaki gani wanapanda msimu huu. Maji yalikuwa yameanza kujaa, naye alihitaji watu wawili wa kumsaidia kusukuma. Tukavua viatu.