Sinki ndiyo iliyonifundisha vifaa vya theata

Nilipopangiwa theata, yaani chumba cha upasuaji, katika hospitali moja ya wilaya hapa mkoani Dodoma, vifaa nilivijua vya mtihani tu: picha na jina. Mezani ni habari nyingine. Vyote vinang'aa, vingi vina vitundu viwili vya vidole, na daktari akizama kazini hataji jina, ananyoosha kiganja.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja wa Kigogo, mkongwe wa theata. Kila ikiisha operesheni ya uzazi alinisukumia seti nioshe. "Mwanangu, usitazame mikono, mikono yote inafanana. Tazama mdomo."

Kuosha kunakulazimisha ufungue kila kifaa, maana damu hujificha kwenye bawaba. Nikawa nasugua huku nasoma midomo, yaani ncha za kifaa zinazobana. Koleo za Kelly na Crile zote hubana mishipa inayovuja damu, lakini mistari ya Kelly huishia katikati ya mdomo, ya Crile hufika hadi kwenye bawaba. Kocher (jina la Mswisi Theodor Kocher, mshindi wa Nobel mwaka 1909) ina meno nchani, basi ni ya tishu ngumu. Usiipeleke kwenye utumbo. Allis nayo ina vijino. Babcock haina: mdomo wake ni wa mviringo wenye uwazi, unashika utumbo au mrija wa uzazi bila kuuchana. Green-Armytage, yenye ncha pana, hubana kingo za mji wa mimba zinazotoka damu.

Kishika sindano kilinichanganya zaidi kwa sababu ukikiona kwa mbali utasema ni Kelly. Ukikigeuza, mdomo ni mfupi, mnene, na mistari yake inakatizana. Bila hiyo sindano huzunguka.

Mikasi haikunisumbua. Mayo mnyoofu ni wa nyuzi, uliopinda ni wa tishu ngumu. Metzenbaum ni mwembamba, wa tishu laini peke yake, na anayeukatia uzi mimi namnyang'anya. Bledi, yaani makali ya kisu cha kupasulia, ni namba tu: mpini namba 3 hupokea 10, 11 na 15, namba 4 hupokea 20 hadi 24.

Sasa meza naipanga mwenyewe. Tunahesabu kwa sauti, wawili, vifaa na gozi (vitambaa vya kufyonza damu): kabla ya kuanza, kabla ya kufunga, na mwisho. Kikipungua kimoja tunatafuta kwanza, hata daktari akinuna.