Fundi kaondoka na simu: hatua zinazosaidia

Fundi bomba kamaliza, kaaga, na simu haipo mezani. Usimpigie kumtishia, ataizima tu. Ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa simu nyingine, fungua sehemu ya kutafuta simu iliyopotea, piga picha ya ramani inayoonyesha simu ilipo, kisha ifunge kwa mbali. Usiifute: Android ikishafutwa haifuatiliki tena. Ramani kwanza, laini baadaye, maana laini ikifungwa data inakatika. Ila usichelewe, pesa ziko humo.

Kituoni nenda na boksi lenye IMEI (namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15), risiti, na muamala uliomlipa fundi, wenye jina lake la usajili. Wengi hukosea hapa: ripoti ya mtandaoni ya polisi Tanzania ni ya mali iliyopotea. Wizi hufunguliwa kesi. Dai namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.