Siku ya kusi iliyopotea kwenye orodha ya samaki: tiba katika APL

Mstari wa mashua moja ya Lamu, siku 4, niliouita s: 'changu,tafi,,nguru'. Siku ya 3 ni tupu, kusi ilizuia kutoka. Katika Dyalog APL, toleo la APL, lugha ya programu inayoandikwa kwa alama, ','(≠⊆⊢)s ilinipa vipande 3: ⊆ humeza koma zinazofuatana, na nguru akarudi nyuma siku moja. Nikabadilisha:

v←1↓¨(','=s)⊂s←',',s

Koma ya ziada mbele hufungua kipande cha kwanza. ⊂ Hukata kwenye kila koma, kisha 1↓¨ huidondosha. Vinatoka 4, kitupu kikiwemo.

Kutafuta nako kuna mtego. v⍳'tafi' husaka herufi mojamoja, jibu 5 5 5 5: 5 inapita vipande 4, yaani hakuna. Andika v⍳⊂'tafi' (hapa ⊂ hufunga neno zima kuwa kitu kimoja), upate 2. Na usipitishe majina kwenye ↑, inayoyapanga kuwa jedwali, kabla: huyajaza nafasi tupu mkiani, na ≡, alama ya kulinganisha, haisamehe hata moja.